Buhene, juu ya mawe meusi



Siku ya posho iliyopita tulitoka Birere asubuhi, tukaenda kwa miguu hadi Buhene kuwasalimia wenzetu wa kikundi. Barabara ya Rutshuru, ile iliyokatwa na volkano ya Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021, inapitika. Chukudu zinashuka na makala na viazi. Pembeni mawe meusi yamebaki, makali, yanakula viatu.

Mama aliyetupokea alitupeleka mahali pa nyumba yake. Hakuna alama. "Jiko lilikuwa hapa," akasema, akasimama juu ya jiwe. Usiku ule alikimbia na watoto watano kuelekea mpaka wa Rwanda, na wa tatu akamponyoka mkononi katika watu wengi. Alimpata nyuma ya siku mbili.

Sisi wengine tulikimbia tarehe 27, serikali ilipoamuru sehemu ya Goma ihame. Tulibeba magodoro na bidoni, tukalala Sake. Lakini tulirudi tukakuta nyumba.

Huyo mtoto alilala na viatu miguuni miezi mingi. Sisi walimu tuliwaona wengi kama yeye: mlango ukipigwa na upepo, wanaingia chini ya meza. Wamama, musiwachapie hiyo, wala musiwaite waoga. Tuliwapa karatasi wachore mlima. Mwanzoni walichora moto tu. Pole pole wakaanza kuongeza nyumba, mbuzi, watu.

Na mama mwenyewe? Likelemba ndiyo ilimsaidia. Hakuwa na franka hata moja, lakini wenzake walimwachia nafasi yake, wakaja kukaa naye kila juma. Mara za kwanza alilia tu. Siku moja akasimulia jinsi jirani alivyokimbia amebeba mbuzi mgongoni kama mtoto, akacheka, wote wakacheka. Leo yeye ndiye anatunza sanduku la kikundi, yeye ambaye zamani hakufungua kinywa mbele ya mashemeji.

Tulimwambia kwamba taabu imemkomaza. Akakataa. "Nimekomaa, ndiyo. Lakini munirudishie nyumba yangu leo, nitaichukua." Tulinyamaza, maana ni kweli.

Kati ya mawe ameotesha lengalenga, katika udongo aliobeba kwa mifuko toka mbali. Mtoto sasa analala bila viatu. Anaviweka karibu na mlango.

Posho ijayo tunarudi. Anayetaka kuja alete mfuko mmoja wa udongo.