Diani na Kinango

Ukivuka kivuko cha Likoni kutoka Mombasa na kushika njia ya kusini, utafika Diani, penye mchanga mweupe na mahoteli makubwa. Hapo mpishi, dobi na mtunza bustani hupokea mshahara wa mwezi. Lakini ng'ambo ya milima ya Shimba, huko Kinango, katika kaunti iyo hiyo ya Kwale, mkulima hungojea mvua. Isiponyesha, hana fedha. Kwa hiyo vijana hushuka pwani kutafuta kazi. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia wageni, mahoteli mengi yalifungwa, na fedha za kupeleka nyumbani zikakatika. Ndugu msomaji, mshahara wa hoteli ni mwema, ila si tegemeo la peke yake. Mahoteli yakinunua kuku, mbuzi na mayai ya Kinango, faida ya wageni itavuka milima.