Sauti ya London Jikoni kwa Mama

Saa kumi na mbili asubuhi kwetu Themi, Arusha, ni saa tisa usiku London wakati wa baridi, na saa kumi wakati wa kiangazi. Tunaokesha kwenye nyumba za kutunzia wazee tunaijua hesabu hiyo bila kutazama saa. Ndiyo saa ninayompigia mama, maana najua chai iko motoni na redio inaongea.

Miaka ile kipindi cha redio cha Amka na BBC kilitangazwa kutoka huku London. Mama aliiweka redio dirishani, waya wa antena ameufunga kwenye nondo, upande unaotazama Mlima Meru, kwa imani kwamba hapo mawimbi yanashika vizuri. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha: "Subiri kwanza mwanangu, wamalize vichwa vya habari." Nasubiri, vocha inakatika, nikisikia kwenye simu sauti iliyotoka katika mji huuhuu nilipo, ikaenda hadi Themi, ikanirudia sikioni. Siku ambayo zamu ilikuwa ya mtangazaji Charles Hilary, nilijua nitasubiri zaidi.

Mama alianza kumsikia Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1980, akitangaza mpira. Akamfuata Radio One, alikopata jina la Mzee wa Macharanga kwa kipindi chake cha muziki. Alipokwenda Deutsche Welle kule Bonn, kisha BBC, mama hakuona kwamba ameondoka. Kila asubuhi si yupo jikoni? Mimi mwanawe nilikuwa mbali. Charles alikuwa karibu. Wala sikumwonea wivu, kwa kuwa nilijua gharama yake: anayewaamsha watu wa nyumbani yeye mwenyewe amekesha ugenini, kama mimi.

Ninachokiheshimu zaidi kwake ni Kiswahili chake. Alikaa Ulaya zaidi ya miaka kumi, na lugha ikabaki ileile: pana, safi, yenye mzaha wake, bila kuokoteza Kiingereza katikati ya sentensi. Huku ughaibuni tumezoea kusema watoto hawajui Kiswahili kwa sababu ya mazingira. Mimi sikubali. Mazingira ya Charles yalikuwa hayahaya, baridi hiihii na treni hizihizi.

Mwaka 2015 alirudi nyumbani, akaingia Azam Media. Wapo walioshangaa, mtu anaachaje London? Kwangu lilikuwa jambo la maana sana, kwamba alirudi sauti ikiwa bado na nguvu, akawapa watu wake kazi yake, si uzee wake tu. Baadaye akawa mkurugenzi wa mawasiliano Ikulu ya Zanzibar na msemaji mkuu wa Serikali ya Mapinduzi. Alifariki Jumapili, tarehe 11 Mei 2025. Miezi mitatu kabla yake, tarehe 7 Februari, Kenya ilimpoteza mtangazaji Leonard Mambo Mbotela wa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? Mwaka mgumu kwa sisi tuliolelewa na redio.

Nilipompigia mama siku Charles alipofariki, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Afadhali amefia nyumbani." Hakuongeza neno, nami sikuuliza kama ananisema mimi. Hapa nina kazi, watoto wako shule, na kila mwezi kinachotoka huku ndicho kinachonunua dawa zake kule. Kule yupo yeye, na miguu yake haimpeleki tena hadi barabarani kuwaona vijana wakiingia zamu ya asubuhi kwenye viwanda vya Themi. Mizani hii hailali sawa hata siku moja, na fedha haziwezi kuisawazisha.

Wazazi wenzangu mlio huku, redio za nyumbani sasa zinasikika kwenye simu kupitia intaneti. Washeni mojawapo watoto wakinywa chai kabla ya shule, na wakiwauliza mtangazaji amesema nini, wajibuni kwa Kiswahili.