Wazee Wetu Hawastaafu, Wanahamishwa Tu Idara

Nianze na swali, na usinijibu haraka. Ukifikisha miaka 60 na kazi ikuache, unaruhusiwa kufurahi? Sijasema kupumzika. Nimesema kufurahi. Kwenda mahali ambapo hakuna mazishi, hakuna harusi, hakuna mgonjwa wa kuonwa hospitalini. Kwenda juu tu umetaka kwenda.

Nauliza juu simu yangu iliamua kitambo kwamba mimi ni mzungu mstaafu. Ilianza Desemba 2023, wakati meli ya Serenade of the Seas ilitoka Miami kuzunguka dunia kwa siku 274 na TikTok ikaigeuza kuwa sinema ya kila siku. Mimi huyu, msee wa Laare, nikaangalia video mbili tatu. Basi. Tangu siku hiyo kila nikinunua bando naletewa bibi na bwana wenye mvi wamekaa kwenye roshani ya meli, wanaeleza vile walivuka Pasifiki na vile kahawa ya huko ndani ni mbaya.

Tuwe wakweli kuhusu bei. Ile safari ya siku 274 ilianzia karibu dola 60,000 kwa mtu mmoja. Piga hesabu na dola ya shilingi 129, hiyo ni zaidi ya milioni 7. Kwa mtu mmoja! Na si kwamba hao wazee wanaishi peponi. Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilifungiwa Yokohama kwa sababu ya korona, watu karibu 3,700 ndani, na zaidi ya 700 wakaambukizwa. Novemba 2023 safari nyingine iliyouzwa kama ya miaka 3, Life at Sea, ilifutwa kabla hata haijang'oa nanga, na kuna watu walikuwa wameshauza au kupangisha nyumba zao ili waende. Kwa hivyo sitaki mtu aniambie napenda mambo ya wazungu. Mambo yao pia yana moto.

Kitu kinachonishika ni vile wanaongea. Bwana anasema walifika bandarini Jumatatu, bibi anamkata: hapana, ilikuwa Jumanne, ulikuwa umevaa ile shati mbaya. Wanacheka. Watu wameoana miaka 40 na bado wana kitu kipya cha kubishania ambacho si karo, si shamba, si mtoto fulani ameharibika. Nilijiuliza mara ya mwisho kusikia wazee wa kwetu wakiongea hivyo ni lini. Sikupata jibu.

Hapa Laare kustaafu kunajulikana vile kunaendaga. Unatoka kazini, unapewa keki na blanketi, watu wanatoa hotuba. Pesa ikikuja, inaenda kwa ploti ama nyumba za kupangisha hapo soko. Halafu wajukuu wanaletwa. Mama yao anafanya kazi Nairobi, kodi ni kali, yaya ni ghali, kwa hivyo "wacha wakae na shosho kidogo". Kidogo hiyo ni miaka 6. Ongeza ng'ombe, ongeza miraa, ongeza kamati ya kanisa na kamati ya maji. Wazee wetu hawastaafu, wanahamishwa tu idara, na idara hiyo mpya haina mshahara, haina likizo na haina mahali pa kupeleka malalamiko.

Babu na shosho wangu walikuwa walimu wote wawili. Hata leo wanaitana "Mwalimu". Mwalimu, chai iko tayari. Mwalimu, umefungia kuku? Wageni huwa hawajui nani anaitwa. Mwaka jana, jioni moja ya Jumapili familia ikiwa imekusanyika, babu akasema wameuza mavuno ya miti ya nyuma ya nyumba kwa mnunuzi, na pesa hiyo haiendi kwa kitu kingine. Wanaenda Mombasa kuona bahari. Siku 5.

Nyumba ilinyamaza kwanza. Halafu ankal wangu mkubwa akaanza, na sitamfanya aonekane mbaya hapa juu hoja zake zilikuwa na uzito. Alisema miraa si kama zamani. Na ni kweli. Uholanzi ilifunga mlango 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, halafu Somalia ikasimamisha kuanzia Machi 2020 mpaka Julai 2022. Kila mtu wa Igembe anajua miezi hiyo ilikuwa aje, miti imejaa na mfuko hauna kitu. Alisema kuna karo ya Januari. Alisema wakiugua njiani ni nani atawabeba. Akamaliza hivi: "Pesa ya miraa si ya kwenda kuangalia maji."

Shosho alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nimefunza jiografia miaka 31. Nimechora bahari ubaoni na chaki ya bluu mpaka chaki ikaisha. Nimeambia watoto inapwa na kujaa, nimewaambia ina chumvi. Sijawahi kuigusa."

Hakuna mtu alijibu hiyo. Ungejibu nini?

Lakini swali gumu halikuwa pesa, na hapa ndipo naomba msikize. Swali lilikuwa: ni nani atakaa na watoto? Binamu zangu wawili, mmoja miaka 4 na mwingine 7, wanaishi kwa shosho. Ng'ombe anakamuliwa saa kumi na moja asubuhi. Watu wazima sita walikuwa kwa hiyo nyumba, kila mmoja ana kazi, kila mmoja akaangalia mwenzake. Hapo ndipo niliona kitu wazi kabisa: hakuna mtu alikuwa anapinga safari kwa sababu ya bahari. Walikuwa wanapinga kwa sababu shosho akiondoka siku 5, mashine yote inasimama. Nikasema nitakaa mimi. Kazi yangu iko kwa simu, na simu inafanya kazi hata zizini.

Safari yenyewe ilikuwa ya watu wa kawaida. Mat mpaka Nairobi, wakalala kwa shangazi, asubuhi wakapanda SGR pale Syokimau. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu, kwa hivyo kwenda na kurudi kwa wawili ni elfu 6. Babu alikataa kusinzia njia yote. Anasema Tsavo aliona ndovu wekundu kama udongo na akamwamsha shosho, shosho akasema hakuwa amelala, na hiyo kesi haijaisha mpaka leo. Kila kitu pamoja, chakula na chumba cha kulala, walitumia elfu 31 na kitu. Kuna watu humu simu yao ni zaidi ya hiyo.

Siku ya kwanza waliingiza miguu majini. Siku ya pili wakagundua feri ya Likoni.

Kama hujui, feri ya Likoni ni bure kwa mtu anayetembea kwa miguu. Unaingia, unavushwa Kilindini, karibu nusu kilomita ya maji, unashuka upande wa pili. Watu wa Mombasa wanaipanda wakienda kazini na wamekasirika. Babu na shosho waliipanda mara ya kwanza kwa woga. Shosho anakumbuka vizuri habari za feri ya Mtongwe kwenye redio, Aprili 1994, watu 272 wakafa maji. Alishika chuma na mkono mmoja na koti la babu na mwingine. Walipofika Likoni, babu akauliza: turudi? Wakarudi. Wakaenda tena. Siku hiyo walivuka mara 6. Askari wa pale akawauliza kama wamepotea. Babu akamwambia, "Hapana kijana, tuko likizo."

Mara ya nne feri ilingoja kwanza, juu kulikuwa na meli kubwa inaingia bandarini. Haikuwa ya watalii, ilikuwa ya kontena, zimepangwa juu kama majumba ya Eastleigh. Meli za watalii pia huingia mlango huo huo. Zilipungua sana wakati wa maharamia, baada ya Seabourn Spirit kushambuliwa karibu na Somalia 2005 na MSC Melody 2009, lakini siku hizi zimerudi, na Kilindini kuna jengo la kuwapokea abiria wake. Hao wazee wa simu yangu hupita hapo hapo wakienda Fort Jesus na Tsavo. Niliwaza: kuna siku labda mzee wa Florida alisimama juu ya meli akapiga picha ya feri ya Likoni, na kwenye hiyo picha kuna walimu wawili wa Laare hawajui wanapigwa picha.

Kwenye maji hayo babu alikumbuka Mbwaa. Kama wewe ni Mmeru na hujaambiwa hii hadithi, kuna mtu kwenu amekukosea. Wazee husimulia kwamba tulitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani. Tulikuwa chini ya Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, na mateso yakazidi. Kiongozi aliyeitwa Koomenjwe akatutoa, akagonga maji na fimbo, maji yakagawanyika, watu wakapita. Waliovuka usiku, waliovuka alfajiri na waliovuka mchana, koo zikaitwa hivyo: weusi, wekundu na weupe. Kuna wasomi wanaosema Mbwaa huenda ni kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Kwa hivyo ukiniambia bahari si mambo ya watu wa mlimani, nitakuambia uulize vizuri. Hadithi yetu ya kwanza kabisa ni ya kuvuka maji.

Babu alimwambia shosho, "Mwalimu, babu zetu walipita hapa wakikimbia. Sisi tunapita tukitaka."

Waliporudi, nilifikiri watapumzika. Badala yake, Jumamosi hiyo wastaafu wenzao walianza kuja. Wanandoa wanne, wote walimu ama wauguzi wa zamani. Viti vikatolewa nje chini ya mparachichi, chai ikamwagwa, na maswali yakaanza. Baite, hayo maji yanaisha wapi? Choo cha treni kiko aje? Chakula cha huko kinaweka nazi kila mahali kweli? Babu akianza jibu, shosho anamrekebisha. Hapana, ilikuwa siku ya pili. Hapana, ulikuwa umeshika koti langu, si mimi nilishika lako. Watu walicheka mpaka watoto wakatoka ndani kuangalia kuna nini. Nilikuwa naangalia ile video ya simu yangu, lakini hii ilikuwa na mbuzi.

Kulikuwa na mama mmoja alikuja peke yake. Bwana yake alistaafu mwaka mmoja na babu. Walikuwa wamesema wataenda Mombasa wakimaliza ploti, halafu wakimaliza ukuta, halafu kijana akimaliza chuo. Ploti ilimalizika. Ukuta uko. Kijana alimaliza. Mzee alienda kabla. Huyo mama hakuuliza kuhusu treni wala chakula. Alingoja wote wanyamaze, akauliza shosho, "Yana harufu gani?"

Shosho alifikiri. Akasema, "Kama samaki na chuma na mvua. Utanusa mwenyewe. Agosti tunaenda tena, tutaenda na wewe."

Sasa nyinyi. Najua wengi wenu mko Nairobi, Meru mjini, Nakuru, mnakaa mkilalamika wazazi hawatuelewi. Sawa. Lakini hesabu hii pia ni yetu. Hakuna mtu anasema ununulie shosho tiketi ya kuzunguka dunia. Hatuna milioni 7, hata elfu 7 inatusumbua. Kitu tuko nacho ni siku. Wazee wengi hawakosi nauli, wanakosa mtu wa kushika ile kazi wanayofanya bure. Siku 5 za kukamua, kupika na kupeleka watoto shule ndizo zilipeleka watu wawili baharini. Mikono yangu ilichoka, niwaambie ukweli, na yule ng'ombe hanipendi. Lakini ilitosha.

Na usingoje waseme. Hawatasema. Walilelewa kuamini kwamba kutaka kitu chako mwenyewe ukiwa na watoto ni ubinafsi, na sisi tumefaidika na hiyo imani bila kuiuliza. Ukienda nyumbani wikendi hii, usiulize "mko sawa?" juu watasema wako sawa. Uliza: kuna mahali mlikuwa mnataka kwenda na hamkuenda? Halafu nyamaza mpaka wajibu.

Orodha ya Agosti imefika watu 9. Babu amesema Manda ndiyo inafuata baada ya hapo, anataka kuona kama fimbo ya Koomenjwe bado iko. Ankal mkubwa amejiandikisha kukamua siku mbili. Natafuta mtu wa siku tatu zilizobaki.

Wako walitaka kwenda wapi? Niandikie.