Tulivyompeleka kitukuu Nkome

Katika vijiji vya wavuvi wa Ziwa Victoria, vikao vya ukoo havipangwi kwa kalenda ya ukutani bali kwa mwezi ulioko angani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa kuwa taa zao ndizo zinazowavuta dagaa kuja wavuni. Mwezi unapopevuka, nguvu za taa hizo hupotea, na wavuvi hukaa nyumbani wakashona nyavu zao. Kwa hiyo anayetaka kuwakuta baba wadogo, wajomba na binamu wote kwa pamoja pale Nkome, mkoani Geita, hana budi kwenda wakati wa mbalamwezi. Nasi Waislamu tunazijua siku hizo kwa jina jingine: ni Ayyamul Bidh, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ambazo ni Sunna kufunga. Ukoo wetu umeyaunganisha mambo hayo mawili. Kikao hufanyika mchana, na jioni hufuturu pamoja waliofunga na wasiofunga, kwa sato na ugali wa muhogo.

Safari hii tulikuwa na mgeni wa kumpeleka: mtoto wetu wa kiume wa miezi minne, kitukuu wa kwanza kupewa jina la marehemu babu. Majirani zetu wa Mwanza walitushauri tungoje hata atambae. Ushauri huo ulikuwa na uzito wake, kwani kule ni ukanda wa malaria na barabara ina vumbi. Lakini bibi yetu amevuka miaka themanini, na hakuna aliyetuhakikishia kwamba atangoja mtoto atambae. Kuunga udugu si jambo ambalo Uislamu umeliacha kwa wenye nafasi tu. Tuliamua kwenda, kwa siku tatu.

Mizigo ya mtoto mchanga huwatisha wazazi wengi kuliko inavyostahili. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, kama wataalamu wa afya wanavyohimiza hadi atimize miezi sita, chakula chake kiko tayari na safi popote alipo mama yake. Hahitaji chupa, wala maji ya kuchemsha, wala jiko. Sisi tulibeba nguo zake, nepi za kutosha, kanga nne, kadi yake ya kliniki na chandarua chenye dawa. Chandarua ndicho kilichochukua nafasi kubwa, na ndicho ambacho tusingekubali kukiacha.

Kuna jambo la fikihi ambalo wazazi wachanga hulisahau, likawafanya wapitwe na Swala kwa kisingizio cha nguo. Ummu Qais binti Mihswan alimpeleka kwa Mtume (s.a.w.) mwanawe ambaye alikuwa hajaanza kula chakula. Mtoto akamkojolea Mtume, naye akaagiza maji akayanyunyizia mahali pale bila kufua. Ruhusa hiyo ni ya mtoto wa kiume ambaye bado hajala chakula. Mkojo wa mtoto wa kike huoshwa. Kwa hiyo tulipaswa kuwa na chupa ya maji karibu, basi. Adhuhuri na Alasiri tuliziswali Geita mjini, kwa kupunguza na kuchanganya, mmoja akiswali na mwingine akimshika mtoto.

Barabara yenyewe haina mengi ya kusimulia siku hizi. Zamani safari ya Geita kutoka Mwanza ilikuwa ni kungoja kivuko pale Kigongo, juani, saa usizozijua idadi. Tangu Juni 2025 lipo daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na basi huvuka kabla mtoto hajamaliza kunyonya ziwa moja. Baada ya hapo ni Sengerema, kisha Geita, kisha gari dogo hadi Nkome. Tulimfunika mtoto kanga nyepesi kwa ajili ya vumbi, na tulimpakata mikononi njia nzima.

Kazi ilianza tulipofika. Mtoto akishaingia katika ua wa ukoo huwa si wako tena. Alipita mikono ya shangazi, ya mama mkubwa, ya mabinti ambao hatukuwajua majina, hata akamfikia bibi aliyekuwa amekaa mkekani. "Shikamoo bibi," tukasema. Bibi hakuitikia upesi. Alikuwa akimtazama mtoto. "Mume wangu amerudi," akasema, na ua mzima ukacheka, yeye akiwa hacheki. Kwake ulikuwa utani wa bibi na kitukuu, na pia haukuwa utani.

Kabla ya Magharibi shangazi mmoja alishakoroga uji mwepesi, akisema mtoto wa kiume hashibi maziwa. Kumkatalia shangazi mbele za watu si jambo dogo. Mmoja wetu, yule anyonyeshaye, alimwambia kwa heshima kwamba mtoto huyu akinywa uji, ruhusa ya kunyunyiza maji itaondoka, na nguo zote zitamsubiri shangazi azifue. Wanawake wakaangua kicheko, uji ukanywewa na mtoto mkubwa zaidi. Tunaona njia hiyo kuwa bora kuliko kutoa hotuba ya kliniki uani kwa watu.

Jambo gumu lilikuja siku ya pili. Kaburi la babu liko kisiwani, katika mojawapo ya visiwa vilivyo mbele ya Nkome, na wazee walikuwa wamekwisha kupanga kwamba asubuhi tutavuka wote kwa mtumbwi wa injini, kitukuu akamsalimie mwenye jina lake. Tulikwenda mwaloni jioni kuutazama mtumbwi. Ulikuwa mzima, na nahodha wake ni mtu makini. Lakini majaketi okozi yalikuwa mawili tu, yote ya watu wazima, na jaketi la mtu mzima halimshiki mtoto wa miezi minne. Akianguka majini atachomoka humo na kuliacha likielea peke yake.

Ziwa hili si la kufanyiwa mzaha. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, na katika kila ajali walikufa mamia. Vile vilikuwa vyombo vikubwa. Mitumbwi inayopotea na watu wanne au watano haiandikwi magazetini.

Tulipowaeleza wazee kwamba mtoto hatavuka, kikao kilinyamaza. Baba mkubwa akasema: "Sisi sote tulivushwa tukiwa wachanga kuliko huyu, na tuko hapa." Hatukumjibu kwamba wale ambao hawakufika ng'ambo hawamo kikaoni kutoa ushahidi. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa adabu. Tulisema tu kwamba mmoja wetu atavuka pamoja nao na mwingine atabaki na mtoto.

Usiku bibi alituita. Akafungua fundo la kanga yake akatoa hirizi ndogo ya ngozi nyeusi. "Kama mnaogopa maji," akasema, "dawa ninayo. Babu yenu alivua nayo miaka arobaini." Alitaka kuifunga mkononi mwa mtoto kwa mkono wake mwenyewe.

Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu kuvaa kilichoandikwa aya za Qur'ani peke yake, lakini kuhusu mizizi na vitu visivyojulikana, vinavyotegemewa vikinge madhara, makatazo ya Mtume (s.a.w.) ni makali na yako wazi. Hilo tulilijua. Tulilokuwa hatulijui ni namna ya kumwambia mwanamke wa umri ule, anayeswali Swala tano, kwamba kitu alichomfungia mumewe kwa mapenzi hakifai. Tulimshika mkono. Tukamwambia kwamba Mtume aliwaombea kinga Hasan na Husein kwa maneno, akasema kwamba baba yao Ibrahimu aliwakinga Ismaili na Is-haka kwa maneno hayo hayo. Tukamsomea mtoto dua hiyo mbele yake, kisha Falaq na Nas.

"Aliwasomea wajukuu zake?" bibi akauliza.

"Wajukuu zake, bibi."

Akanyamaza kidogo. "Na bado hamtamvusha."

Tukamkumbusha mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Allah, naye akaambiwa amfunge kisha ategemee. Bibi anajua kufunga mitumbwi kuliko sisi. Hakusema kitu. Aliirudisha hirizi kwenye fundo la kanga, akataka tumsomee tena ile dua, polepole.

Asubuhi walivuka. Majaketi mawili alivaa bibi moja na shangazi mjamzito la pili, baada ya mabishano mafupi na nahodha aliyeona ni aibu kwa mtumbwi wake. Walirudi kabla ya Alasiri, kanga zimelowa mapindo. Bibi akaja moja kwa moja kwa mtoto, akanawa mikono kwanza, akampakata. "Nimemwambia umekuja," akamwambia. "Nimemwambia una wazazi wabishi."

Tulipoondoka alitusindikiza hadi kituoni. Njia nzima midomo yake ilikuwa ikitembea, na tulipoinama kumuaga tukasikia neno moja au mawili ya dua, mengine ameyachanganya. Hirizi ilikuwa bado imo kwenye fundo, hatukuiulizia. Alitaka kujua tutakuja tena lini. Tukamwambia, Insha Allah, mwezi mpevu baada ya mtoto kuanza kula. "Basi uji nitaupika mimi," akasema, "na nguo mtafua wenyewe."

Mtoto alilala tangu Sengerema, hata daraja hakuliona.