Injini Baridi Haipigwi Resi

Wapo waaminio kwamba kasi ni kazi ya mguu: ukanyagapo mafuta, chombo kitakwenda. Mafundi wa magari ya mashindano ya zamani hawakubali. Kwao, mbio zaweza kupotea kabla gari halijasogea hata hatua moja.

Somo hili nililipata Endasak, chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ambako baridi ya asubuhi ya Julai haina utani. Mzee mmoja wa pale, fundi aliyestaafu, anaitunza Peugeot 404. Si gari la mashindano, lakini ni la ukoo uleule uliompa Nick Nowicki ushindi wa mbio za Safari mwaka 1963 na tena 1968, miaka ambayo kila mara magari saba tu yalifika mwisho. Mzee alivuta choki, akawasha, akaacha injini iungurume. Mshale wa joto la maji ulipopanda, nilimuuliza, “Mzee, mbona hatuondoki?” Akajibu, “Mwanangu, maji yamepata moto. Oili bado.”

Jibu lile lina elimu ndani yake. Oili ikiwa baridi huwa nzito, na huchelewa kuzifikia sehemu za mbali za injini. Pistoni ya alumini hutanuka zaidi kuliko silinda ya chuma, basi ukipiga resi mapema, vyuma husuguana kabla havijakaa mahali pake. Maji hupata joto kwanza. Oili hufuata nyuma. Anayetazama geji ya maji pekee hudanganywa na kipimo cha kweli. Katika baadhi ya injini za mashindano, mafundi walifunga plagi za kupashia moto, kisha wakazibadilisha kwa plagi za mbio.

Sasa tuitazame Hanang yenyewe. Kuanzia miaka ya 1970, katika nyanda za Basotu, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Ekari zipatazo 100,000 zilitwaliwa. Matrekta yalikuwapo, wataalamu walikuwapo, fedha zilikuwapo, na ngano ilivunwa kweli. Hayo ndiyo maji ya moto. Lakini nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao, ambayo mengine yalilimwa. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Kikapata haki Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Ridhaa ya watu, ambayo ndiyo oili ya mradi wowote, haikupewa nafasi ya kufika kwenye vyuma.

Najua atakayesema: “Mwalimu, tukisubiri kila mtu aridhike, hatutaondoka kamwe.” Hoja hiyo ina uzito, na mafundi wanalo jibu lake. Injini iliyoachwa muda mrefu ikiunguruma huku choki imevutwa hunyweshwa petroli kupita kiasi. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na uharibifu huwa uleule. Kupasha moto si kusimama. Ni kurudisha choki kidogo kidogo, kuondoka taratibu, na kuongeza mzigo kadiri chombo kinavyoweza kuubeba. Nchi yetu inazifahamu dhambi zote mbili: amri inayotangazwa leo na kutekelezwa kesho, na “mchakato unaendelea” usiokwisha miaka kumi. Ya kwanza hupasua injini. Ya pili huimaliza kimyakimya.

Kwa hiyo ushirikishwaji usihesabiwe kwa idadi ya mikutano wala sahihi za mahudhurio. Hizo ni geji ya maji. Upimwe kwa maswali ya wanakijiji yaliyobadilisha ramani, na kwa mtu aliyesema “hapana” akasikilizwa bila kuitwa mpinga maendeleo.

Mwanafunzi wangu, kesho utakuwa afisa ardhi au mtendaji wa kata, na mkubwa wako atataka taarifa kufikia Ijumaa. Mpe. Lakini kabla hujafungua kamba ya kupimia shamba, waulize wenyeji makaburi yao yako wapi, na ng'ombe wao hupita wapi wakati wa kiangazi.