Kadi ya Njano na Ukweli wa Hujaji

Muislamu anayeazimia kwenda Hija hufundishwa tangu zamani mambo ya kutanguliza kabla ya kuondoka kwake. Hulipa madeni au huyaandika. Huomba radhi kwa wazazi, kwa jirani na kwa mshirika wa biashara. Huwaachia aila yake masurufu ya kuwatosha, na huandika wasia. Mambo haya yote yana shina moja, nalo ni kwamba haki za waja zisimfuate mtu mpaka mbele ya Al-Kaaba. Sisi wa kamati ya msikiti, ambao kila mwaka hupokea majina ya mahujaji wa mtaa wetu hapa Mombasa, tunaona iko haki moja ambayo wengi hawaihesabu miongoni mwa hizo. Nayo ni chanjo.

Kwa wengi wetu sindano ni jambo la kiserikali, sawa na picha ya pasipoti. Hutajwa mwisho, hutimizwa kwa haraka, na baadhi ya watu huitafutia njia ya mkato. Lakini tukiitazama vizuri, sindano hii haikuwekwa kwa ajili ya anayedungwa peke yake.

Masharti yenyewe si mazito. Kila anayekwenda Hija au Umra hutakiwa kuwa amechanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo, chanjo inayokinga makundi manne ya vijidudu vyake, yaani A, C, W na Y, si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili. Anayetoka katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano, Kenya ikiwamo, hutakiwa pia kuonyesha cheti cha kimataifa cha chanjo hiyo, kile tunachokiita kadi ya njano. Cheti hicho huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinakitambua kwa maisha yote ya mwenyewe. Siku hizo 10 si urasimu wa maofisa. Ndizo siku ambazo mwili huzihitaji ili kujijengea kinga.

Kwa nini homa ya uti wa mgongo? Kwa sababu vijidudu vyake hukaa kooni, na mtu aweza kuvibeba bila ya kuumwa wala kujua. Hupita kwa pumzi na kwa mate, kwa kukohoa na kwa kunywea chombo kimoja. Basi na tuzifikirie hema za Mina, usiku wa Muzdalifa na safu za tawafu, bega kwa bega, watu kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 1987 maradhi haya yalizuka miongoni mwa mahujaji kwa kundi A. Mwaka 2000 na 2001 yakaja kwa kundi jingine, W, ambalo chanjo zilizokuwa zikitumiwa na wengi wakati ule hazikulikinga. Baada ya hapo Saudi Arabia ikawajibisha chanjo ya makundi manne, na milipuko ya Hija ya namna ile haijaonekana tena.

Hata hivyo mlango haujafungika. Mwaka 2024, Marekani, Ufaransa na Uingereza ziliripoti wagonjwa 12 wa maradhi haya waliohusishwa na safari za Umra. Tisa kati yao hawakuwa wamechanjwa, na watatu waliobaki haikujulikana. Jambo lililotushughulisha zaidi ni kwamba wawili kati ya wale 12 hawakusafiri kabisa. Waliletewa maradhi na watu wao wa karibu waliorejea kutoka safari. Hujaji huzoea kuwaletea watu wa nyumbani tende na maji ya Zamzam. Ni wajibu wake kuhakikisha kwamba hawaletei kingine.

Wazee wetu waliokwenda kwa meli waliyajua haya vizuri kuliko sisi. Baada ya kipindupindu cha mwaka 1865, kilichoua maelfu ya mahujaji na kusambaa hadi Misri na Ulaya, safari ya Hija iliwekewa vituo vya karantini. Kuanzia mwaka 1882 meli zilizotoka upande wa kusini zilipitia kisiwa cha Kamaran, katika Bahari ya Shamu, ambako Waothmani walijenga kituo. Abiria walishushwa, wakakaguliwa, na wakazuiliwa kabla ya kuruhusiwa kuendelea na safari ya Jidda. Leo kusubiri kule kumekuwa dakika chache za zahanati, nasi bado twaona tumeonewa.

Wapo wanaosema kwamba mgeni wa Mwenyezi Mungu hana haja ya sindano, kwani atosha Mwenye kumlinda. Kauli hii ina heshima yake, lakini haikukamilika. Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alipofika Sargh akielekea Sham na kuambiwa kwamba tauni imeingia huko, alishauriana na maswahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kwamba wanaiacha kadari moja ya Mwenyezi Mungu na kuiendea kadari Yake nyingine. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kwamba tusiingie nchi yenye tauni, wala tusiikimbie tukiwa ndani yake. Tuizingatie sehemu hiyo ya pili. Anayezuiliwa kutoka hazuiliwi kwa faida yake, bali kwa faida ya wale ambao angewapelekea maradhi.

Tunaandika haya kwa sababu jambo hili limetufika mlangoni. Msimu mmoja, mtu mmoja anayesafirisha mahujaji alituambia kwamba wale wa orodha yetu wasijisumbue kwenda zahanati. Kwa ada ndogo, kadi zingeletwa zikiwa zimekwisha pigwa muhuri na kuandikwa tarehe. Kamati ilikaa baada ya Isha, na hatukuwa na kauli moja. Mzee wetu mmoja, mtu wa ibada na mwenye heshima, alisema, "Maalim, kadi ni karatasi tu. Anayekinga ni Mola."

Imamu alimjibu kwa upole, "Naam, mzee wangu, Mola ndiye anayekinga. Na Yeye huyo ndiye aliyetukataza kushuhudia lisilokuwa."

Kisha akatukumbusha kwamba ni ndani ya Suratul Hajj yenyewe, katika aya ya 30, ambamo amri ya kuepuka uchafu wa masanamu imefuatana na amri ya kuepuka kauli ya uongo. Basi mtu ataitikiaje talbiya hali mfukoni ana karatasi inayomshuhudia kwa jambo ambalo hakulifanya? Uongo huo, juu ya dhambi yake, unambebesha hatari jirani yake wa hemani ambaye hana habari.

Tuliamua kutompa mtu yule barua ya msikiti. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Familia mbili ziliondoa majina yao kwetu zikafuatana naye, na mpaka leo salamu zetu na mmoja wao ni za mbali. Hatukufurahi, lakini hatukuona njia nyingine.

Msimu ule ule, mzee mwingine aliyepita miaka 70 alitujia kwa siri. Yeye alikuwa tayari kununua kadi, si kwa ukaidi, bali kwa sababu alikuwa akitumia dawa zinazopunguza nguvu ya kinga ya mwili, na aliogopa kwamba akikataliwa chanjo atakosa Hija. Tulimpeleka kwa daktari. Chanjo ya homa ya manjano hutengenezwa kwa kirusi kilicho hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo haiwafai watu wote. Waliopita miaka 60, wajawazito, wenye kinga dhaifu na wenye kudhurika kwa mayai wanapaswa kumweleza daktari hali zao kwanza. Daktari alimchanja ile ya uti wa mgongo, na kwa hii nyingine akamwandikia hati ya udhuru katika kijitabu kile kile. Kwa kuwa kukubaliwa kwa hati hiyo ni hiari ya nchi inayompokea msafiri, tuliulizia mapema kabla ya tiketi kukatwa. Alikubaliwa. Mzee yule alistaajabu kwamba kadi nayo ina rukhsa, kama ilivyo swala ya msafiri na funga ya mgonjwa. Aliyekuwa akiitafuta kwa uongo alikuwa na njia yake halali muda wote.

Kina mama hutuuliza maswali mawili. La kwanza ni je, sindano yabatilisha saumu? Wanazuoni wengi wa zama hizi wanasema sindano isiyokuwa ya lishe haibatilishi, na mwenye kutaka kujitoa katika shaka achanjwe usiku au katika Shawwali. La pili ni uhalali wa vilivyomo ndani. Jambo hilo wanazuoni wamelichunguza chanjo kwa chanjo. Baraza la Wanazuoni la Indonesia, kwa mfano, mwaka 2010 lilizikubali baadhi ya chanjo za uti wa mgongo na kuikataa nyingine. Kuuliza jina la chanjo ni haki ya kila anayedungwa, na kuuliza si kukataa.

Basi ndugu zetu mlionuia, hesabuni siku zenu mapema. Nendeni zahanati inayotambuliwa, mdungwe, mtazame tarehe ikiandikwa mbele ya macho yenu. Mwenye udhuru aufichue kwa daktari. Kila Ijumaa baada ya swala katibu yupo, na atakayehitaji kusindikizwa atasindikizwa. Mwenyezi Mungu awafikishe salama, awarejeshe salama, na awasalimishe wale mtakaowakuta nyumbani. Amin.