Remmy Ongala na Njia ya Ujiji: Mtindo Uliobadilika, Lafudhi Iliyobaki

Mwanaisimu anayefanya utafiti Kigoma hujifunza mapema kutouamini sana mpaka unaopita katikati ya Ziwa Tanganyika. Bandarini na katika mwalo wa Kibirizi, abiria wa Kalemie na Uvira hushuka na Kiswahili chao, wala hahitajiki mkalimani. Katika insha hii nakusudia kuyatazama, kutoka ufuko huo, mabadiliko ya mtindo wa Remmy Ongala kati ya albamu mbili zilizotolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza: Songs for the Poor Man (1989) na Mambo (1992).

Remmy alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947. Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akavuma na Super Matimila. Ni rahisi kumchukulia kuwa mgeni aliyeazima lugha ya wenyeji. Historia yasema vingine. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilivuka ziwa kutoka Ujiji kuelekea Kasongo na Nyangwe, ikakieneza Kiswahili huko Maniema, ambako kilikuja kuitwa Kingwana. Hivyo basi, Remmy aliirejesha upande huu wa ziwa lugha iliyokwisha kuondoka huku, ikiwa imekolea vionjo vya huko ilikokaa.

Katika albamu ya 1989, Kiswahili ndicho kilichotawala, na magitaa yenye asili ya rumba ya Kongo yaliibeba sauti ya mnyonge wa Dar es Salaam. Wimbo mmoja humo unaitwa "Muziki Asili Yake Wapi". Miaka mitatu baadaye, katika Mambo, tunakuta "One World" na "No Money, No Life": msanii sasa anawaendea kwa Kiingereza wasikilizaji aliowapata katika majukwaa ya Ulaya. Yamkini msomaji akasema kwamba soko lilimyumbisha. Lakini albamu hiyohiyo ina wimbo uitwao "Inchi Yetu". Kiswahili Sanifu huifanya nazali ya mwanzo katika "nchi" kuwa silabi. Kingwana huitangulizia irabu. Tahajia ya jina hilo imeyafuata matamshi ya Maniema. Hadhira ilipanuka, lugha zikaongezeka, lafudhi ikabaki.

Jambo hili si dogo kwa wanaotoka Kigoma. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Ujiji, alinisimulia kwamba alipokuwa sekondari alitamka neno hilohilo jinsi linavyotamkwa kwao, akaulizwa mbele ya wenzake kama yeye ni Mtanzania. Tangu hapo alizoea kunyamaza darasani. Irabu moja ilitosha kuutilia shaka uraia wake.

Remmy alifariki Desemba 2010, baada ya kugeukia nyimbo za Injili katika miaka yake ya mwisho, na kituo cha Sinza kwa Remmy kingali kikiitwa kwa jina lake. Jiji lililompa heshima hiyo halikumtaka kwanza anyooshe matamshi. Sisi walimu tunao wajibu wa kufundisha usanifu, na tuendelee kuufundisha. Hata hivyo, tusikiite kigeni kile ambacho Ujiji ilikipeleka ng'ambo, kisha ikakipokea tena.